Wiki 12 za kuamsha misuli: kikundi cha Kisumu, unene na sukari ya damu

Fundi cherehani kutoka soko la Kibuye, Kisumu, alifika kwenye kikundi mwezi wa Februari akiwa na kilo 104, sukari ya asubuhi kabla ya kula 11.8 (humu sukari yote ya mashine ni milimoli kwa lita), na swali moja: dawa anameza bila kukosa, mbona sukari haiteremki? Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameiweka kando cherehani ya kukanyaga akanunua ya umeme. Kazi ilienda mbio, wateja wakaongezeka, naye akawa anaketi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mguu mmoja umetulia kabisa na mwingine ukigusa pedali kwa ncha tu. Hatusemi cherehani ndiyo iliyomletea kisukari, maana alikuwa nacho kwa miaka minne tayari. Tunachosema ni kwamba misuli ya miguu, iliyo mikubwa kuliko mingine mwilini, ilinyamaza kutwa nzima, na dawa peke yake haikuweza kuifanyia kazi yake.

Kikundi kilikuwa cha watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wote wenye kisukari cha aina ya pili na unene wa kupindukia, yaani BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 30 kwenda juu. Walioongoza ni muuguzi na mwalimu wa mazoezi, nao ndio wanaoandika haya. Tulipanga wiki 12 kwa sababu kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita sukari ya miezi mitatu, hufuata umri wa chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Ukipima mapema zaidi unasoma habari za zamani. Mengine yalikwenda vizuri, mengine tuliyakosea katika kupanga, na mtu mmoja nusura aanguke barabarani kwa sababu hiyo. Tunayaeleza yalivyofuatana, pamoja na vipimo, ili anayeanza leo asiyalipie tena.

Kabla ya kuvaa viatu

Siku ya kwanza hakuna aliyetembea. Tulipima presha, na aliyekuwa na 180 kwa 110 au zaidi akiwa ametulia alirudishwa kliniki kwanza. Tukauliza habari za macho. Mzee mmoja alikuwa ameambiwa mishipa ya damu nyuma ya jicho imeanza kuvuja. Huyo hakuinua kitu kizito mpaka daktari wa macho alipomruhusu, kwa sababu kujikaza huku umebana pumzi hupandisha presha ghafla, na mishipa iliyodhoofika inaweza kupasuka.

Kisha miguu. Mtu alilala chali, akafumba macho, tukamgusa kwa ncha ya kidole, polepole, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Hivyo ni vidole 6. Asiyehisi 2 au zaidi amepoteza hisia, na lengelenge linaweza kumpasuka kiatuni asijue. Tulipata wawili. Hawakuzuiwa kutembea, ila walipewa kazi ya kukagua nyayo kila jioni kwa kioo kidogo, na kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa.

Viatu vya mitumba vya Kibuye vinafaa kabisa. Nenda ukanunue jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Shika kiatu ukikunje: kikikunjika katikati ya wayo kirudishe, kinatakiwa kukunjika kwenye vidole.

Jambo lililobeba uzito kuliko yote siku hiyo lilikuwa orodha ya dawa. Watu 5 walikuwa wakitumia metformini peke yake, ambayo kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Wanne walikuwa na metformini na glibenklamidi. Wawili walijidunga insulini. Hao 6 wa mwisho mazoezi yao ni jambo jingine kabisa, kwa sababu glibenklamidi, glimepiridi, gliklazidi na insulini huendelea kuishusha sukari hata pale misuli nayo inapoivuta. Tuliandika majina yao kwenye daftari. Kosa letu ni kwamba tuliyaandika tu. Hatukuwapangia ratiba tofauti.

Dakika 50 zilizotuumbua

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 au zaidi za mazoezi ya nguvu. Sisi tukachukua 150, tukaigawanya kwa 3, tukawatoa watu ambao hawakuwa wametembea kilomita moja kwa mkupuo kwa miaka mingi, tukawapeleka dakika 50 kwenye barabara ya Dunga, saa kumi na mbili unusu asubuhi kabla jua la Kisumu halijaanza kuchoma.

Wiki ya pili ilipoanza, wanne walikuwa na magoti yaliyovimba. Haishangazi. Kila kilo ya mwili hulilemea goti karibu mara nne kwa kila hatua, kwa hiyo kilo 30 za ziada ni kama mtu mzima na mzigo wake wamekaa juu ya goti lile. Moyo na pumzi huzoea mazoezi mapema, lakini kano na viungo huchukua muda mrefu zaidi. Mtu anajihisi anaweza kwenda mbali zaidi, goti lake linakataa.

Tulirudi nyuma. Dakika 10 mara mbili kwa siku katika wiki ya kwanza ya ratiba mpya, kisha kila wiki tukaongeza dakika 5 kwa siku. Mwendo tuliupima kwa mdomo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo ni sawa. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Ukikatika katikati ya sentensi, punguza.

Asubuhi ya Ijumaa

Fundi alikuwa mmoja wa wale wa glibenklamidi. Ijumaa ya wiki ya pili, kabla hatujabadilisha ratiba, tulikuwa tumetembea kama dakika 35 aliposimama kufunga kamba ya kiatu. Hakuweza kuifunga. Vidole vyake, ambavyo hupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila hata kuangalia, vilikuwa vikitetemeka. Jasho lilimtiririka shingoni na asubuhi yenyewe haikuwa ya joto. Alipoulizwa jina la mtaa tulipo alicheka, akajibu kitu kisichohusiana.

"Mama, umekula nini asubuhi?"

"Nimemeza dawa tu, sista. Nilisikia ukitembea tumbo tupu mafuta yanayeyuka haraka."

Mashine ilisoma 3.1. Chini ya 3.9 sukari imeshuka mno. Tulikuwa na glukosi ya unga mkobani, tukakoroga vijiko 3 vidogo vilivyojaa, karibu gramu 15, kwenye maji, akanywa yote. Baada ya dakika 15 ilisoma 3.7. Tukarudia kiasi kile kile. Dakika 15 nyingine, 5.2. Ndipo akala ndizi mbili na kiazi kitamu, kwa sababu glukosi hupita upesi na glibenklamidi hukaa mwilini hadi saa 24. Siku ile nzima alijipima kila baada ya saa tatu, na mwanawe alilala naye chumba kimoja.

Mwenzetu mmoja, kwa moyo mwema, alikuwa amemkimbilia na mandazi. Mandazi, karanga na chokoleti si vya wakati huo. Mafuta yaliyomo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na anayetetemeka hana muda wa kungoja. Nusu chupa ya soda ya mililita 300 inafaa, mradi isiwe ile isiyo na sukari.

Makosa yalikuwa matatu na yalikutana asubuhi moja: dawa bila chakula, mwendo mrefu kupita alichozoea, na hakuna aliyempima kabla ya kuondoka. Daktari wake alipunguza kipimo cha asubuhi. Hilo ni la daktari. Mtu asijipunguzie mwenyewe. Kwetu sisi, kuanzia siku ile kila mtumiaji wa dawa hizo au insulini alijipima kabla ya kuanza. Chini ya 5.0, anakula kitu chenye gramu 15 za wanga kwanza, ndizi moja ndogo kwa mfano. Kati ya 5.0 na 13.9, twende. Juu ya 13.9 tunauliza anajisikiaje: akiwa na kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kiu isiyokatika au pumzi yenye harufu ya matunda, hafanyi mazoezi, anakwenda hospitali. Akiwa mzima, anatembea taratibu na maji mkononi. Wa insulini walijidunga tumboni siku za kutembea, si pajani, maana paja linalofanya kazi huinyonya insulini haraka.

Mlango wa uani

Baada ya tukio lile wengi waliogopa, na watatu walitaka kuacha. Ilibidi tuwaeleze kwa undani kwa nini misuli ina nguvu kiasi kile juu ya sukari. Maelezo hayo ndiyo yaliyowarudisha.

Ukimaliza kula, sehemu kubwa ya sukari inayotoka kwenye damu kwa amri ya insulini huingia kwenye misuli. Huko huwekwa akiba iitwayo glaikojeni, gramu 400 au zaidi kwa mtu mzima, ilhali ini huweka kama gramu 100. Sukari haipenyi yenyewe. Hupitishwa na vibebaji viitwavyo GLUT4, ambavyo vikiwa havina kazi hujificha ndani ya seli. Insulini ikigonga, hupanda hadi ukutani na kuipokea sukari. Kwa mtu mwenye unene wa kupindukia, mafuta hujipenyeza hadi ndani ya seli za misuli na kuukatiza ujumbe wa insulini. Insulini inagonga na hakuna anayeitika. Kongosho huongeza insulini, na zaidi, mpaka linachoka.

Lakini nyumba hii ina mlango wa uani. Msuli unapojikunja, kalsiamu hupanda ndani yake na nishati hupungua, na ishara hizo mbili huwainua GLUT4 bila kuisubiri insulini. Mlango huo haujaharibika hata kwa mwenye kisukari cha miaka mingi. Ndiyo maana fundi alishuka hadi 3.1: alikuwa na milango miwili wazi kwa wakati mmoja, na ghala halikuwa na kitu.

Mazoezi yakiisha, mlango wa uani hufungwa baada ya saa chache, ila msuli unabaki msikivu kwa insulini kwa saa 24 hadi 48. Saa hizo ndizo zinazopanga ratiba ya mgonjwa. Usipitishe siku 2 mfululizo bila mazoezi. Mwenye kutembea Jumamosi na Jumapili tu, hata akizunguka mji mzima, Alhamisi misuli yake imeshasahau.

Kuna la pili, na hili huwashangaza watu zaidi. Msuli ni kiungo kinachotuma ujumbe, kama tezi. Mwaka 2000 watafiti wa Copenhagen walionyesha kwamba mguu unaofanya kazi humwaga kwenye damu kitu kiitwacho interleukini-6, na mwaka 2003 Bente Klarlund Pedersen na wenzake wakapendekeza jina la kundi zima la jumbe za aina hiyo: mayokini. Zimeshaorodheshwa nyingi. Jina linalotajwa sana ni irisini, iliyotangazwa mwaka 2012 na maabara ya Bruce Spiegelman ya Harvard na kupewa jina la Iris, tarishi wa miungu ya Wagiriki. Katika panya ilionekana kuyafanya mafuta meupe yachome nishati kama mafuta ya kahawia. Kwa binadamu mambo yalikwenda polepole: vipimo vya mwanzo vya damu vilikosolewa, na ilipofika mwaka 2015 ndipo njia makini zaidi ilipothibitisha kwamba imo kwenye damu yetu. Kazi yake kamili kwetu bado inabishaniwa.

Mwalimu mstaafu kwenye kikundi aliuliza swali zuri. Alikuwa amesoma kwamba interleukini-6 iko juu kwa watu wanene na inahusishwa na madhara. Inawezekanaje mazoezi yaiongeze na yawe dawa? Jibu liko kwenye muda na chanzo. Mafuta ya tumboni huitoa kidogo kidogo, mchana na usiku, pamoja na kemikali nyingine zinazochochea uvimbe. Msuli huimwaga kwa wingi wakati wa kazi, kisha hushuka ndani ya saa chache. Maji ni yale yale: mvua inayonyesha ikapita hustawisha shamba, paa linalovuja kila siku huozesha boriti. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti ambao watu wenye mafuta mengi ya tumboni waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa wiki 12. Nusu yao walipewa dawa inayoziba masikio ambayo seli huisikilizia interleukini-6. Waliozibiwa walifanya mazoezi kama wenzao, lakini mafuta ya ndani ya tumbo hayakupungua.

Upo pia ujumbe wa breki, mayostatini, uliogunduliwa mwaka 1997 na Se-Jin Lee na Alexandra McPherron. Huzuia msuli usikue, na umepatikana kwa wingi zaidi kwa watu wenye unene wa kupindukia. Mazoezi ya nguvu huupunguza.

Haya tunayaandika kwa urefu kwa sababu wiki ya tano kijana mmoja alikuja kikundini akiuza vidonge vya "homoni ya misuli", na wawili wakanunua. Hakuna kidonge cha irisini kilichoidhinishwa kutibu kisukari. Homoni hiyo ni protini. Ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama samaki. Pesa zile zingenunua vijiti vya kupimia vya miezi miwili.

Vijiti, maembe na kilima cha Riat

Vijiti ndiyo gharama iliyowauma watu kuliko zote. Kopo la 50, kwa maduka tuliyozunguka mjini, lilizidi shilingi 1,500. Mwenye kupima ovyo humaliza kopo kwa wiki mbili na hajajifunza chochote. Tulipanga vipimo viwe vya jozi: kimoja kabla ya kitu, kimoja baada ya saa mbili, na kitu chenyewe kiwe kimoja. Jozi mbili kwa wiki zilitosha kwa wasiotumia insulini wala vidonge vinavyoshusha sukari.

Nawa mikono kwa maji na sabuni kwanza. Mama mmoja alitupigia simu usiku akilia, mashine imesoma 17.2. Alikuwa ametoka kumenyea wajukuu maembe. Alinawa, akakausha kidole, akajidunga tena pembeni mwa ncha: 8.4.

Jingine lililotisha ni kilima. Mdogo kuliko wote, wa miaka 33, aliamua kupanda Riat mbio. Chini alisoma 8.9, juu 11.6. Alidhani mazoezi yamemharibu. Kazi kali ya ghafla huita adrenalini, na adrenalini huliamuru ini lifungue ghala, sukari ikatoka haraka kuliko misuli inavyoichukua. Tulimketisha, akanywa maji, tukapima baada ya saa moja na nusu: 8.1. Kwa hiyo usijihukumu kwa kipimo cha dakika ile ile uliposhuka kilimani.

Jaribio lililobadilisha mazoea ya nyumbani lilikuwa la chakula cha jioni. Fundi alikula chakula kile kile usiku mbili: ugali wa ukubwa wa ngumi mbili, sukuma wiki, kipande cha samaki aina ya ngege. Usiku wa kwanza alikaa kutazama habari. Baada ya saa mbili, 13.4. Usiku wa pili alitembea dakika 15 mara baada ya kunawa mikono, 10.9. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2016 ulipata jambo hilo hilo: dakika 10 baada ya kila mlo ziliteremsha sukari ya baada ya kula kuliko dakika 30 za mara moja kwa siku, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi jioni, pale wanga unapokuwa mwingi. Usiku barabara za Manyatta na Nyalenda si salama kwa kila mtu, basi wengi walizunguka ua, au walitembea papo hapo sebuleni wakiinua magoti, au waliosha vyombo vyote wakiwa wamesimama.

Ugali nao ulipungua. Tungependa kusema mazoezi yalifanya yote, lakini haingekuwa kweli: kuanzia wiki ya nne ngumi mbili zilikuwa ngumi moja, na osuga, yaani mboga ya mnavu, ikajaza nafasi iliyobaki.

Mitungi

Tulichelewa kuleta mazoezi ya nguvu hadi wiki ya nne, nalo lilikuwa kosa. Utafiti wa Louisiana wa mwaka 2010, uliofuata watu 262 wenye kisukari kwa miezi 9, uliwagawa: wengine kutembea tu, wengine nguvu tu, wengine vyote. Waliochanganya ndio HbA1c yao ilishuka kwa kiasi cha kutegemewa ukilinganisha na wasiofanya mazoezi. Sababu haiko mbali. Kutembea huifanya misuli uliyonayo isikie. Mazoezi ya nguvu huongeza misuli yenyewe, yaani ghala kubwa zaidi. Mtu anayepunguza kilo kwa kujinyima chakula tu hupoteza na misuli.

Hatukuwa na vyuma. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5 ukijazwa maji ni kilo 5 kamili, na ukitaka 3 unapima kwa chupa ya lita moja. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa urefu, ikafungwa kwenye nguzo, ni kamba nzuri ya kuvuta. Mazoezi yalikuwa matano: kuketi na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu, kiti cha urefu wa sentimita 45 kikiegemezwa ukutani kisiteleze, kusukuma ukuta, kuvuta tyubu viwiko vikipita mbavuni, kupanda kwa ncha za vidole, na kutembea hatua 20 ukibeba mtungi kila mkono. Marudio 8 hadi 12, mizunguko 2 mwanzoni kisha 3, kupumzika dakika moja au mbili kati ya mizunguko. Siku 2 kwa wiki, na angalau siku moja kati yake.

Uzito sahihi ni ule ambao ukifika marudio ya 12 bado ungeweza mawili tu zaidi. Ukiyamaliza kwa urahisi vipindi viwili mfululizo, ongeza nusu lita. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Tuliwahesabisha kwa sauti, kwa sababu mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Kwa magoti mabovu tuliweka mto juu ya kiti ili mtu asishuke chini sana, na kila wiki mto ukawa mwembamba. Misuli ikiuma siku ya pili, hilo ni la kawaida. Kiungo kikiuma, au kifua kikibana, hilo si la kawaida, na mazoezi husimama hapo hapo.

Mvua ya Aprili

Masika yaliingia, njia ya Dunga ikawa matope, na kwa siku 4 hakuna aliyetoka. Watu 7 walikuwa na vipimo vya asubuhi vya kabla na baada. 6 kati yao walipanda. Fundi alitoka 8.2 hadi 9.7 na chakula hakikubadilika. Hiyo ndiyo somo la saa 48 walilolisoma kwenye vidole vyao wenyewe, na hatukuhitaji kulirudia. Tulipanga kipindi cha ndani cha dakika 20: dakika 3 za kutembea papo hapo, zoezi moja la nguvu, dakika 3 tena, mpaka yote matano yaishe. Kinatosha chumba cha mita mbili kwa mbili.

Ni wiki hiyo pia fundi alipouliza kama anaweza kufanya kitu akiwa kazini ameketi. Mwaka 2022 watafiti wa Houston walionyesha kwamba msuli mmoja wa nyuma ya mguu chini ya goti, soleasi, wenye uzito wa kama asilimia 1 tu ya mwili, ukifanyishwa kazi kwa saa kadhaa mtu akiwa ameketi, unyayo mbele na kisigino kikipanda na kushuka, huiteremsha sukari ya baada ya kula kwa kiasi kikubwa. Kwenye maabara walitumia vifaa vya kuhakikisha msuli unafanya kazi ipasavyo, kwa hiyo kuchezesha mguu tu kusichukuliwe kuwa sawa na kile. Lakini kuinua visigino na kusimama dakika 3 kila nusu saa hakuhitaji ruhusa ya mtu. Alitega simu ilie kila nusu saa.

Wiki ya 12

Mizani iliwavunja moyo wengi. Fundi alikuwa amepoteza kilo 3 tu: 101. Lakini kiuno kilitoka sentimita 118 hadi 111, na tulikipima kila mara kwa njia moja, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Mafuta ya ndani yalipungua huku misuli ikiongezeka, na mizani haijui kutofautisha. HbA1c ilitoka asilimia 9.6 hadi 8.1, bado juu ya 7 tuliyoilenga. Alipoanza aliweza kusimama kutoka kitini mara 7 kwa nusu dakika, sasa 14.

Kati ya 11, mmoja aliacha wiki ya tatu na hakurudi. Wawili HbA1c yao haikusogea. Mmoja alikuwa akikosa metformini kwa sababu ilimharisha na aliona haya kusema. Daktari alimbadilishia kwa ile inayoyeyuka polepole, akaambiwa aimeze katikati ya chakula. Tungemuuliza wiki ya kwanza angeokoa miezi mitatu. Wanne wanaotumia glibenklamidi walirudi kliniki wote dozi zikapitiwe upya, maana misuli ikianza kusikia, kipimo cha jana kinakuwa kikubwa mno.

Tulipopita Kibuye wiki iliyofuata, cherehani ya zamani ilikuwa imetolewa stoo na kupakwa mafuta, iko chini ya dirisha. Ya umeme ameibakiza kwa sare za shule na kazi za haraka. Mapindo yote sasa anakunja kwa ile ya kukanyaga, miguu yote miwili kwenye pedali, kisigino kikipanda na kushuka.